Msaidizi wa Boila

Kwenye daftari la mishahara
Mandwanga aliandikwa: Msaidizi wa Boila.
Boila lenyewe hakuwahi kuligusa.
Aligusa nyuzi nne za besi la kiwanda,
lililopigwa namba ya mali kisogoni, rangi nyeupe,
sawa na viti, sawa na mizani.

Sisi wa kufuma tulikuwa mia nne na ushei.
Mitambo ikishaanza, taka-taka-ta, saa nane mfululizo,
tulisemezana kwa midomo na vidole,
na kila mwaka masikio yalitoa mchango wao:
kwanza nyenje,
kisha kengele ya baiskeli,
kisha mtoto anayelia chumba cha pili.

Ndiyo maana Jumamosi, ukumbini Keko,
solo ilibidi ipande, kali kama sindano,
na tarumbeta zirudie neno lilelile mara tatu.
Watu wa magazeti wakauita mtindo.
Wakatafuta asili yake Kongo, wakaenda hadi Kuba.
Hakuna aliyekuja kutuuliza sisi viziwi nusu wa Chang'ombe.

Na nyimbo zilikuwa ndefu, dakika kumi, kumi na mbili,
kwa sababu zamu ya jioni lazima itoke, ioge,
ifike kabla ya chemko.
Mwimbaji aliwahi kumlaza mgonjwa wa wimbo wake
beti baada ya beti, hafi, haponi,
mpaka tumwone Siwazuri wa idara ya rangi
akiingia mlangoni na mikono yake ya buluu.

Kiwanda kilipofungwa walikuja na karatasi.
Wakahesabu: viti, mizani, besi.
Besi likauzwa fungu moja na boila.
Siku hiyo tu daftari lilisema kweli.

Sasa ghala la pamba limejaa vigae vya watu.
Mjukuu wangu Shomvi ana kompyuta yenye ufa
na chumba cha bati Vingunguti, nyuma ya machinjio.
Muziki wake anaukimbiza kama anadaiwa.
Majirani: kelele. Mama yake: kelele.
Mimi nilimwambia alaze spika sakafuni,
nikavua kandambili.

Ukapanda kwa nyayo, ukavuka magoti mabovu.
Nilipoangalia mkono wangu wa kulia,
gumba na kidole cha shahada
vilikuwa vinatafuta uzi uliokatika.