Ukurasa wa Nyuma

Mwamvuli wangu ni wa manjano, umechanika upande wa ziwa,
kiti changu ni jiwe la volkano nililolitandikia kitenge.
Hapa Birere nauza vocha, natuma pesa, napokea pesa,
na tangu simu zijifunze kucheza kamari
nusu ya pesa ninazotuma haimfikii mama wa mtu.

Nasema kweli: kila franga elfu inayokwenda kule
huniachia makombo.
Makombo hayo yamenunua sambaza, yamelipa shule ya Nsimire.
Basi usinione nimeketi kivulini
ukadhani mikono yangu haina masizi.

Tsongo alikuja Alhamisi, chukudu kaiegemeza mtaroni,
magunia sita ya makala kayateremsha kutoka Kibati.
Akatuma elfu tano. Akarudi. Elfu tano.
Akarudi na zile za kununua mpira wa gurudumu.
Mara ya nne hakuwa na macho, alikuwa na kidole tu,
kinapapasa kioo kama mtu anayetafuta mwiba.
"Mama Nsimire, imebaki timu moja. Moja tu."
Timu ya mji asioweza hata kuutamka
ikafungwa dakika ya tisini na tatu,
na kule Ndosho watoto wanne wakala fufu kwa chumvi.

Jumapili alirudi mikono mitupu, akachuchumaa.
Hakuomba mkopo.
"Niandike," alisema. "Andika Tsongo asitumiwe.
Elfu mbili kwa juma, isizidi hata jiwe.
Nikija na hasira, nionyeshe mwandiko wangu."
Nikageuza daftari, nikampa ukurasa wa nyuma,
akaandika mwenyewe, herufi zikipanda mlima kama yeye,
akaweka na tarehe.

Na alikuja na hasira. Si angekuja tu?
Jumatano, mvua, mvuke ukitoka kwenye mawe meusi.
Aliniita mchawi. Aliniita mke mwenza wa umaskini.
Nikamwonyesha ukurasa, akaangalia pembeni,
akavuka barabara hadi kwa kijana Bwira,
ambaye daftari lake halina nyuma,
na Bwira akamtumia.

Usiku ule nilihesabu kamisheni niliyoikataa:
bei ya kibiriti na nusu sabuni.
Kulipokucha nilimpelekea Bwira chai.
Sikumhubiria. Nilimwuliza tu: mdogo wako,
yule anayesoma, siku hizi ana laini ngapi za simu?
Chai ikapoa mkononi mwake.

Sasa tuko wanne barabara hii,
tunapeana majina kama wauguzi wanavyopeana zamu.
Ombeni mwanafunzi: hapana, mpaka mitihani iishe.
Fundi viatu: si baada ya saa mbili usiku.
Mjane mmoja asiyetaka jina: kamwe.

Kampuni nayo hutuma ujumbe, "Cheza kwa kiasi,"
herufi ndogo kama mayai ya chawa
chini ya picha ya kijana anayemwaga noti.
Kama mnamaanisha, wekeni kizuizi kabla ya mlango,
si onyo ndani ya shimo.
Na aliyeomba afungiwe, mfungieni kweli;
asubuhi msimwite tena kwa zawadi ya elfu moja.

Kwenye mzunguko kule imesimama chukudu ya dhahabu.
Wageni huipiga picha. Haijawahi kubeba gunia.
Tsongo hupita chini yake akisukuma yake ya mti,
na kila Jumamosi huniletea elfu mbili zake,
hucheka zikipotea, au hujilazimisha kucheka.

Juzi Jumamosi hakuja.
Nilikaa mpaka giza, mwamvuli nimeshaukunja,
nikawa na hofu, kisha furaha, kisha hofu tena,
kwa maana sikujua
kama ameisahau kamari
au amegundua mtaa mwingine.