Grisi ya Marehemu

Niliisikia kabla sijaiona,
ikikata kona ya stesheni kuja Isevya:
nyiiik, tuta la kwanza,
nyiiik-kwii, la pili,
na mbuzi wa jirani akainua kichwa
kama aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Chaser nyeupe. Mihayo ameishusha
hadi tumbo linasoma kokoto moja moja.
Springi fupi, rimu za kumi na nane,
bushi ngumu nyekundu kutoka Dar,
zimesafiri kwa basi ndani ya mfuko wa mchele.
"Fundi Nyamizi," akasema, "nilitaka itulie kwenye kona.
Kwenye kona imetulia. Mdomo ndio hautulii."

Nikacheka, nikaingia chini.

Doto akatikisa bampa. Mimi nikaweka kiganja
juu ya chuma, kipande kwa kipande,
maana sikio hudanganywa na bati:
sauti huzaliwa kushoto ikatokea kulia.
Kiganja hakidanganyiki.
Hapa. Mkono wa chini, bushi ya nyuma.
Nikachomoa bolti, ikatoka na kitu cheusi,
kizito, kinachonata,
kinachonuka mvua iliyonyeshea chuma.

"Umepaka nini?"

Hakujibu. Akafungua buti,
akarudi na kopo lisilo na maandishi,
mfuniko umefungwa kwa kitambaa cha sare ya buluu.
"Ya mzee. Ya karakana ya reli.
Amepaka mabehewa miaka thelathini na mmoja.
Hakuna behewa lake lililowahi kulia."

Kazi ngumu ilikuwa hapo.
Si bolti; bolti ina nyundo yake.
Nitamwambiaje mtoto wa Msabila
kwamba grisi ya baba yake ni nzuri,
nzuri kweli, kwa chuma na chuma,
lakini mpira inaula?

Sikumwambia. Nikampa ashike.
Zile nyekundu: grisi imezikusanyia mchanga wa Tabora,
mchanga unaoingia hata kwenye ahadi,
ikageuka msasa.
Zile za mpira alizoziacha za zamani:
zimevimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai.
Akaziminya. Vidole vikawa vyeusi.
Akavinusa,
nami nikajifanya natafuta spana namba kumi na saba.

Tukaosha kwa sabuni na mswaki, tukaanika.
Za mpira tukaweka mpya, kavu, bila chochote.
Nyekundu nikazipaka silikoni, nyeupe kama mtindi,
kijitubu kidogo, bei ya kuku wawili,
ndani ya tundu, juu ya bomba, kwenye mashavu.

Mihayo akashika spana akaze, gari bado liko juu ya jeki.
"Weka chini."
"Nini, spana?"
"Gari."
Ukikaza miguu ikining'inia,
ukilishusha, mpira unajinyonga.
Unaishi umejipinda, kila tuta unataka kurudi
pale ulipofungiwa.
Ulilifupisha gari, kijana, nati hukuzilegeza;
bushi zako zilikuwa bado zinakumbuka urefu wa zamani.
Acha kwanza libebe uzito wake.
Halafu kaza.

Akalala kifudifudi mchangani na shati lake la Ijumaa,
akakaza nati ya mwisho kwa mkono wake.

"Na kopo? Nilitupe?"
Nikamwonyesha geti langu: bawaba mbili,
chuma kwa chuma, zinalia tangu masika.
Akachota kwa kidole kimoja. Akapaka polepole,
juu, chini, akafungua, akafunga,
akafungua, akafunga,
mpaka Doto akaniangalia, nikamwambia mwache.

Jioni akapita tena. Tuta la kwanza: kimya.
La pili: kimya. Mbuzi anatafuna tu.
Ila mimi nilisikia, huko nyuma, tiki-tiki-tiki,
kishikio cha ekzosi kimelegea.

Sijampigia simu.
Bado ananidai shukrani, namdai elfu ishirini.