Saa Nane, Titi la Kushoto

Fomu imeandikwa haraka, wino umelowa chai:
Kavutha Mbithi, miaka arobaini na minne,
uvimbe, titi la kushoto, saa nane.
Wapasuaji huchora titi kama uso wa saa;
mshale ukigusa mbili, kwetu ni saa nane,
na mwenye titi, nadhani, saa hiyo yuko Gikomba
anapunguza bei ya blauzi.

Sijamwona. Ninachokijua ni nyuzi tatu za nyama,
tambi zilizokatika,
ambazo Ochwada alizizamisha katika nta usiku,
akazikata asubuhi kwa wembamba unaokunjwa na pumzi,
akazitia zambarau na waridi,
akaniwekea mezani: "Hii, daktari, itazame polepole."

Nimeitazama polepole.
Katikati kuna kovu gumu, lenye miale,
limevuta vijifereji vya maziwa kuelekea kwake
kama mtu aliyekusanya shuka kwa ngumi moja.
Vimebanwa, vimepinda, vimechongoka.
Saratani hufanya hivyo hivyo.
Kovu lisilo na hatia hufanya hivyo hivyo.

Nikamwita Nasambu. Hadubini ya vichwa viwili,
magoti yakigusana chini ya meza.
Akasema ni kovu. Nikanyamaza.
Akasogeza kioo kidogo, akasema, "Ngoja."
Nje, Barabara ya Ngong, king'ora kilikwama,
kikaendelea kulia palepale.

Kila kifereji kina seli za ndani, za kazi,
na za nje, walinzi wa ukuta.
Walinzi wakiwepo, hakuna aliyetoka.
Tukaagiza rangi ya kahawia, inayowaita walinzi kwa jina.
Siku sita, maana chupa ilikwisha
na mpya iko uwanja wa ndege inangoja muhuri.
Siku sita Kavutha amelalia ubavu wa kulia.
(Hilo nimelibuni. Sijamwona.)

Rangi ikaja. Walinzi wapo, wapo, wapo,
uzi wa kahawia kila ukingo,
isipokuwa kifereji kimoja, pembeni,
sindano ilipopararua.
Uzi umekatwa na sindano,
au kuna aliyepita?

Kiswahili kilinipa neno moja, na miaka kumi na tisa
sijalimaliza.
Ubaya wote wa seli mbaya ni kwenda:
kwenda nje ya kifereji, kwenda kwapani, kwenda mfupani.
Naulizwa, je, hizi huenda?
Najibu, huenda.

Ripoti haipokei mchezo huo. Nikaandika:
Uvimbe wenye shaka. Sampuli haitoshi kuamua.
Inashauriwa utolewe wote.
Nikafuta "wenye shaka". Nikarudisha.

Ijumaa akaja mwenyewe dirishani.
Si mchuuzi. Mwalimu wa hesabu, Kariobangi,
chaki bado kwenye kucha.
"Asilimia ngapi?"
Nikasema, mara nyingi huwa ni kovu tu. Si mara zote.
Akaisoma karatasi hadi chini, akageuza nyuma, hakuna kitu.
"Hili si jibu, daktari. Lakini nitakupa alama za njia."

Kisha, akiwa amekwisha kuondoka, akarudi:
kile kipande chake, kiko wapi?
Droo ya kumi na moja, nikamwambia, ndani ya nta.
Akaitikia kwa kichwa
kama mzazi aliyeonyeshwa dawati la mwanawe.