Meza ya Tatu, Kituo cha Kigogo

Kituo chetu kina meza tatu.
Ya kwanza ni ya simu zilizoporwa,
ya pili ya wanandoa na wapangaji.
Ya tatu iko nyuma, karibu na choo,
haina kibao.
Hapo nakaa mimi, Koplo Siwatu Chambuso,
toka saa mbili usiku mpaka kunakucha.

Wenzangu huniita Mama Mizuka.
Nawaacha. Anayecheka mchana
ndiye anayenipigia saa nane za usiku
akinong'ona chini ya shuka.

Kazi yenyewe si kama mnavyosimuliana.
Kinyamkera alipoezua mabati ya mashine ya kusaga
nilimtoza faini, akailipa kwa vumbi;
limo kwenye bahasha, kielelezo namba tisa.
Chunusi wa Msimbazi yuko nje kwa dhamana.
Kila Jumatatu anakuja kuripoti, analowesha benchi,
anaapa kwa mama yake, kama anaye,
kwamba yule kijana wa kuchota mchanga aliteleza mwenyewe.
Masika yakikaribia namwonya:
mikono yako niione juu ya maji.
Ananijibu, Afande, mto umejaa chupa na pampasi,
hata mimi siku hizi naogopa kuzama.

Nacheka, naandika. Kwa penseli:
wino huganda akisogea asiye mtu.

Alhamisi, mvua ya rasharasha,
aliingia mwanamke, saruji imemkaukia hadi magotini,
kanga ya kipande kimoja, jina lake halisomeki.
Wanasema misukule hukatwa ndimi.
Wake ulikuwapo, ila aliutumia taratibu,
kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

"Nimekuja kuripoti upotevu."
Wa kitu gani?
"Wangu."

Nikavuta fomu. Jina?
"Zamoyoni Kidunda."
Umri?
"Ule niliokufa nao."
Kazi?
"Kufyatua tofali, usiku, miaka kumi na mmoja.
Mshahara pumba."
Mwajiri?

Akamtaja.
Nikasikia feni ikizunguka.
Ndiye anayetujazia mafuta gari la doria
kila tarehe tano, na risiti hataki.

Nilimpigia mkuu wa kituo. Alikuwa macho,
au aliamka haraka mno.
"Ana cheti cha kifo?"
Anacho.
"Basi marehemu halalamiki, Koplo. Funga jalada,
mpe nauli."
Nauli ya kwenda wapi, hakusema.

Sasa niwaambie nisichokiandika popote.
Msiba ule nilikuwapo.
Nilikuna nazi nne, nikatoa rambirambi elfu mbili,
jina langu limo kwenye daftari la mtaa.
Jeneza lilipita mlangoni jepesi kama kapu,
mtu akasema, masikini, ugonjwa ulimkausha.
Na chini yake, tone kwa tone,
ulidondoka utomvu wa mgomba
ukaacha madoa meusi sakafuni
ambayo sabuni haikuyatoa.
Tuliyaona. Tukatandika mkeka juu yake,
tukala ubwabwa.

Zamoyoni alinitazama bila kinyongo.
Hilo ndilo lililonishinda.
"Ulikuwa na blauzi ya kijani," akasema.
"Nilikuwa uvunguni. Niliona miguu yenu yote."

Niliiweka penseli chini.
Droo ya kulia kuna kalamu moja,
ya bluu, ya kuandikia watu.
Nikaifungua, mkono haukutulia,
nikagusisha ncha kwenye karatasi,
yeye akiwa karibu kiasi cha kunipumulia.

Wino ukatoka.

Ukatoka mwingi hata ukachafua mstari,
nikaandika jina lake lote, na la baba yake,
na mbele ya neno mlalamikaji
nikaongeza neno ambalo fomu haina nafasi yake: hai.

Kisha nikachukua pingu na tochi.
Gari lilikuwa uani, tangi limejaa.
Tuliliacha hapohapo,
tukavuka daraja kwa miguu.