Dume la Ndahani

Ndahani wa Nkuhungu kaja na dume lake kwenye kikapu.
Anasema mtoto mmoja laki tatu, tugawane.
Nampima Karanga wangu kwa kiganja:
nyonga yake haizidi mdomo wa kikombe.

Mwaka juzi, usiku wa ule upepo wa Julai,
mama yake alisukuma hadi alfajiri.
Daktari wa mifugo alikuwa Kongwa, kwenye ng'ombe.
Tulimzika na mtoto amekwama.
Aliyetangulia kutoka nikamlea kwa bomba la sindano,
maziwa ya mbuzi, kila baada ya saa mbili,
kifuani mwangu.

Ndiye huyu.

Laki tatu naijua, Ndahani.
Deni la dukani nalijua pia.
Kunywa chai.
Ila mtoe kwanza huyu dume,
anakojolea mzabibu wangu.