Haikuthibiti

Mudhaybi. Mwaka wangu wa pili tangu nitoke Pemba,
Kiarabu changu kikichechemea bado,
wakaniweka karani wa sabla
kwa kuwa hati yangu nzuri
na nisichokielewa nisingekibishia.

Kesi ya kwanza: maji.
Zamu ya Ghuseib, nusu saa ya usiku
aliyoinunua mnadani mbele ya watu.
Asubuhi maji yake yakakutwa yamelala
miguuni mwa mitende ya Rayya binti Zahran,
mjane. Mitende sita, mmoja dume.

Ushahidi ulikuwa tele.
Nyayo kwenye tope, ndogo, wa kushoto ukiburura.
Jiwe la mlango wa falaji limegeuzwa,
matambara yamezibia upande wa pili.
Na mwenyewe, nyuma ya pazia, hajaulizwa, akasema:
"Nimefungua mimi. Kwa mkono huu."

Kanuni hata watoto waijua:
mwizi wa maji hulipa mara mbili
na zamu yake hukatwa mwaka mzima.
Mwaka mzima! Mtende haukati rufaa.

Wakili wa falaji akawauliza wanaume kumi na mmoja.
Muhenna: jiwe lile la zamani, huteleza.
Hilal: punda wangu, labda; hana adabu.
Zahir: usingizi wangu mzito.
Shuwein akaenda akaziinamia zile nyayo,
akakaa nazo muda, akarudi.
"Mguu huu siujui."
Alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Hakuna aliyesema kanuni ni mbaya.
Hakuna aliyeigusa. Waliipita
kama unavyompita mtu aliyelala ukumbini,
viatu mkononi, usimwamshe.

"Andika," wakili akaniambia. "Haikuthibiti."
Neno sikulijua. Akanitajia herufi kwa herufi,
na jasho langu likadondokea wino.
Ghuseib akanywa kahawa ya tatu,
akatikisa kikombe, akaenda zake.
Usiku ule nilicheka peke yangu kitandani.
Niliwapenda watu hawa, jamani. Niliwapenda.

Miaka tisa ikapita. Mikeka ile ile,
wanane kati ya wale kumi na mmoja.
Ruhul, kibarua wa Kibangladeshi,
mkono umening'inizwa kwa kilemba,
kiwiko kimeelekea kusikoelekea kiwiko.
Aliyemvunja amekaa pale pale, mpwa wa wakili,
kijana wetu, safu ya mbele msikitini.
Fimbo yenyewe imeegemezwa mlangoni
pamoja na fimbo zetu.

Muhenna: mtende ule wa zamani, huteleza.
Zahir: usingizi wangu mzito.
Jambo lilitokea saa nne asubuhi.

Ruhul hakujua lugha.
Aliitazama midomo yao, mmoja hadi mwingine,
akitikisa kichwa kwa adabu,
kama mtu anayesubiri zamu yake ya maji.

Wakili hakuhitaji kuniambia.
Nilikuwa nimeshaandika.

Daftari zote mbili ninazo, sandukuni, chini ya nguo za Idi.
Wajukuu huniuliza: babu, watu wa zamani walikuwa na huruma?
Nawafungulia ile ya kwanza.
Neno limechuruzika, halisomeki sawasawa,
wanaligusa kwa kidole.

Ya pili siwaonyeshi.
Hati yake nzuri mno.