Taa za Hazadi

Gari imezima chini kidogo ya Bidbid,
saa saba mchana, Julai, lami inanata viatuni.
Nimebonyeza kile kitufe chenye pembetatu nyekundu
na sasa tunapepesa mbele na nyuma, tik, tik,
kama jicho lililoingia mchanga.

"Bibi," Zuweina ananiuliza kutoka kiti cha nyuma,
"unajua hazadi ni nini hasa?"
"Hatari. Taa za hatari."
"Siyo tu." Anasomea usalama wa viwanda huko Sohar;
kazi yake itakuwa kulibandika neno hilo kwenye matangi,
basi amelichimba mpaka kwenye mzizi.

Wanasema lilikuwa az-zahr, la Waarabu: dadu.
Likavuka na wacheza kamari hadi Uhispania,
Wafaransa wakalipachika herufi wasiyoitamka,
Waingereza wakalipokea likiwa mchezo,
wakaligeuza onyo.
Wengine wanabisha: zahr ni ua,
eti upande mmoja wa dadu ulichorwa ua.
Hakuna aliyekuwapo akaona.

"Kwa hiyo limerudi kwao," nasema,
"limekaa juu ya tangi Sohar, na hakuna aliyelitambua."
Anacheka.
Simwambii kwamba vijana wa Dar huita bahati zali,
na huenda na hilo ni la ukoo huo huo.
Sina ushahidi, nina sikio tu.

Wala simwambii habari ya dadu letu la Wete,
la mfupa, pembe zimelika.
Mwaka wa kuondoka baba alipungukiwa nafasi moja.
Yeye aliyechagua karafuu punje kwa punje
alishindwa kuchagua mtoto.
Akalitoa mfukoni, akaliweka juu ya mkeka,
akageukia ukutani.
Atakayepata kidogo abaki na bibi.

Nilipata nne.
Nassor, tatu.

Nukta moja.
Nina pasi, nina pensheni, nina gari hii iliyochemka.
Yeye ana nyumba ile ile, wajukuu kumi na mmoja,
na kaburi la bibi la kulifyekea kila baada ya mvua.
Sikukuu hunipigia. Hanilaumu.
Husema, "Dada, nilikushinda siku ile,"
kisha hucheka, na mimi hucheka,
na miaka hamsini sasa
sijajua kama ni utani.

Tik, tik. Zuweina amelala mdomo wazi.
Ningemwamsha nimuulize:
dadu likishatua, kabla hujalitazama,
huwa ni ua au ni onyo?

Gari la kuvuta limefika.
Fundi, kijana wa Chittagong, taulo kichwani,
hasalimii. Anapitisha mkono dirishani
na kunielekeza kwa Kiarabu chake cha barabarani:
"Mama, zima hiyo.
Unamaliza betri bure."